Punje ya Dhahabu Niliyoisukuma Bila Kuiona

Jumamosi. Mlima Meru umejifunika wingu tangu asubuhi, na kichwa changu hali kadhalika.

Mnaosoma hapa mnanijua. Ni mimi niliyemfukuza nyati kule Momella kwa kofia tu, na shahidi yupo Moshono, mzima. Shule niliiacha kidato cha pili kwa sababu maswali yangu yalimchosha mwalimu. Kwenye gereji yangu pale Daraja Mbili haijaletwa injini ikanishinda. Kwa hiyo mtu kama mimi akiandika kwamba leo hajaelewa, mjue jambo ni zito.

Sijaelewa.

Ni hivi. Mpwa wangu Penieli, binti wa dada yangu wa Akheri, anamaliza shahada ya pili na amepata nafasi ya kuendelea na utafiti. Wakati huohuo sekondari ya jirani na kwao inamtaka akafundishe fizikia. Dada anataka afundishe, arudi nyumbani. Penieli anataka kuendelea. Kwetu jambo likikwama hivyo huitwa mjomba, na mjomba akishasema, limekwisha. Kesho baada ya ibada wananingoja mimi. Basi leo nikaenda chuoni nione hicho anachokigombania.

"Shikamoo mjomba. Tafadhali usiegemee meza." Ndivyo nilivyopokelewa.

Meza ya jiwe, na juu yake mashine ndogo kama kabureta. Ndani kuna sindano ambayo ncha yake jicho halioni. Chini ya sindano huwekwa kipande cha kioo chenye punje za dhahabu. Akanionyesha chupa zilikotoka punje zenyewe: maji mekundu kama juisi ya choya. Dhahabu nyekundu! Mimi dhahabu naijua, Geita waliwahi kunikatalia nisiondoke. Akasema ikiwa ndogo kupita kiasi hubadilika rangi. Haya.

Kabla hajakiweka kioo, nikakipokea nikakipuliza. Fundi hafungi kitu bila kukipuliza.

"Mjomba!"

"Natoa vumbi, mama."

"Dhahabu haipeperuki, imenata. Ila mate yako sasa ni milima. Nikipima hapo nitaona Meru na Kilimanjaro pamoja!"

Akacheka, akachukua kioo kingine.

Sasa sikilizeni kilichonivuruga. Sindano ile haitazami, inapapasa. Inapita juu ya kioo mstari kwa mstari, kama kipofu anavyopapasa uso wa mtu, na kompyuta inachora. Punje zikajitokeza kama maandazi kwenye trei. Sindano hiyohiyo ndiyo inayozisukuma punje, lakini ikiwa inasukuma haichori kitu. Unasukuma gizani, halafu unapapasa upya ujue kama imesogea.

Akanipa mausi ya kompyuta. "Chora mstari upite katikati ya hii. Polepole, mjomba, siyo lori hilo."

Nikachora. Tukangoja picha ijichore upya. Punje haipo.

"Imekwenda wapi?"

"Sijui. Labda imenata kwenye ncha. Labda imetoka nje ya picha."

"Hujui? Na shahada yote hiyo?"

"Sijui, mjomba. Ndiyo maana nataka kuendelea."

Akaitamka ile sijui kama mtu anayekukaribisha chai.

Nikajaribu nyingine, ikasogea. Mimi, kwa mkono huu! Umbali gani? Penieli akasema ni kiasi ambacho ukucha wako hukua wakati unasubiri maji ya chai yachemke. Nimeutazama ukucha wangu njia nzima ya kurudi.

Nikamuuliza faida yake. Akasema dhahabu ni ya kuzoesha mkono tu. Anachokitafuta ni punje za kunasa madini ya floraidi kwenye maji yetu, haya yanayotupaka meno kahawia. Itawezekana? Hajui bado. Aliponisindikiza getini akanishika mkono.

"Mjomba, kesho usikuze mambo. Mwambie mama ulichokiona tu."

Nisikuze! Mimi?

Dada kapiga simu sasa hivi. "Umeiona hiyo kazi?" Nimeiona. "Ina ukubwa gani?" Nikautazama tena ukucha wangu. "We, unaumwa?"

Nikitaka, kesho namaliza kwa sentensi moja: binti yako atayafanya meno ya Akheri yawe meupe kabla ya Pasaka. Dada angekubali chai haijapoa. Lakini Pasaka itafika, na meno yakiwa bado ya kahawia hatanitazama mimi. Atamtazama Penieli.

Basi nimewaza hivi. Nitaweka punje moja ya kahawa mezani, nimfunge dada macho kwa khanga yake, nimpe kijiti. Isukume. Sasa papasa, uniambie iko wapi. Akishaipata, nitamwambia mwanao anafanya hivyo, kwa kitu ambacho hata mimi sikukiona, nami nataka aendelee.

Akiuliza kama meno yatang'aa, itabidi niseme sijui. Neno hilo Akheri hawajawahi kulisikia kinywani mwangu. Nimelijaribu mbele ya kioo cha bafuni, na meno yangu haya ya kahawia. Linatoka.

Sijui kama dada atalikubali.