Mwalimu wa Kujiajiri

4 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo, na mgongo unasemaje? Mimi mzima, ila hasira zimenifika kooni. Nimepata kazi, lakini usipige vigelegele kwanza.

Mwaka wa pili huu naizungusha shahada yangu ya uhandisi wa maji ofisi kwa ofisi, na kila mahali wimbo ni ule ule: serikali haiajiri, vijana jiajirini. Sasa nijiajiri vipi, Mama? Nijenge bwawa la mji peke yangu? Basi jana mradi mmoja wa vijana umeniita. Kazi yenyewe ni kuwafundisha vijana wasio na kazi namna ya kujiajiri. Mimi huyu, ambaye sijawahi kuuza hata kiberiti.

Niambie, nikubali?

Binti yako

15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, siku hizi unaamka kabla yangu.

Enzi zetu mpango wa taifa ulitaka wachomeleaji, nikapelekwa karakana ya mabehewa. Mimi nilitaka ukunga. Nani aliniuliza? Nililia wiki nzima nyuma ya miwani ya kuchomelea, mpaka fundi mkuu akadhani moshi unanidhuru. Lakini mabehewa yalikuwepo, mwanangu, na yakitoka pale yalibeba watu. Nyinyi mnaambiwa mchomelee hewa.

Inaniudhi kukuandikia hivi, lakini kubali. Kodi ya chumba haitasubiri hasira zako zipoe. Kafundishe, huku ukitafuta ya maji.

Mama yako

2 Juni

Mwanangu,

Hujambo huko? Sisi wazima. Umekaa kimya tangu ulipoanza hiyo kazi, na kimya chako mimi nakijua. Kuna nini?

Mama yako

19 Juni

Mama,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya. Niliona aibu.

Nilifundisha kwenye ukumbi wa viti vya plastiki na feni moja. Mbele yangu walikaa wahasibu, mafundi, muuguzi mmoja, na mwenzangu tuliyesoma naye uhandisi. Kila asubuhi niliwaambia tatizo ni mtazamo wao. Yule mwenzangu alikuwa ananiangalia tu.

Siku moja muuguzi akasimama. "Mwalimu, wodini muuguzi mmoja anahudumia wagonjwa hamsini. Mimi nipo hapa nafundishwa kutengeneza sabuni. Ni mtazamo gani unataka nibadilishe?"

Nikaweka chaki chini. Nikamwambia hana tatizo lolote, tena mimi mwenyewe sijawahi kujiajiri hata siku moja. Kesho yake wakanifukuza.

Juzi nilirudi kufuata mshahara wangu wa mwisho, kumbe ndiyo siku ya kufunga mafunzo. Mkuu wa mradi akaniona mlangoni, akanishika mkono, akanipeleka mbele kwa mgeni rasmi. "Huyu alikuwa mwajiriwa wetu," akasema. "Ameacha kazi, sasa amejiajiri." Ukumbi ukapiga makofi.

Mgeni rasmi akanipa kipaza sauti, akaniuliza nimejiajiri kufanya nini.

"Kutafuta kazi," nikasema.

Akacheka, na meza kuu yote ikacheka, wakanipigia makofi tena. Muuguzi na mwenzangu hawakucheka. Mama, sikuwa natania, na bado nimekasirika ninapokuandikia.

Binti yako,
mhandisi wa maji