Milioni moja na moja

Ruashi, siku ya mardi, mangaribi

Nimechoka, na sasa haya inaongezeka. Binti yangu, jina yake Mujinga, balimucheka ku masomo juu yangu. Miye njo nilimuambia 1.000.001 haigawanyike, ila na 1 na yenyewe. Nilijaribu kuanzia 2 mpaka 97, mugongo ikaanza kuniuma, nikaacha. Mwalimu aliigawanya na 101, ikatoka sawasawa.

"Papa, uliishia ku mulango!"

"Mugongo, mwanangu."

Niliogopa hataniletea tena namba. Lakini kisha kula, njo yee huyu na 10.000.001.

"Na hii, Papa? Ao niulize mwalimu?"

Niliona palepale: 11 inaigawanya. Nilivuta kiti, nikamuambia tuanze na 3, polepole. Alikaa pembeni yangu.