Samaki, Mwambieni Fundi

Mama mkwe mpendwa,

Nasikia umerudi Karema kwa wadogo zako, na macho yamegoma kabisa. Basi atakayekusomea barua hii mpe kiti na kikombe cha uji, maana maneno ni mengi. Anayekuandikia unamjua: ni yule fundi madirisha wa mtaa wa Kashaulili ambaye hukuwahi kumpa kiti wala uji.

Sikulaumu kwa hilo. Kwenu mkwe wa kiume na mama wa binti hawatazamani, hawasemezani, na mkwe havuki kizingiti mpaka mama apokee zawadi ya kumfungulia mlango. Wenzangu waliooa kwenu walifunguliwa kwa mbuzi na kitenge. Mimi nilileta mbuzi, ukamrudisha akiwa amekonda kuliko alivyokuja. Ukamtuma Leokadia, mke wangu, aniambie unataka tangi la samaki.

Marehemu baba mkwe alikuwa akizamia ziwani kumkamatia Mzungu mmoja samaki wa mapambo, na alipofariki alikuachia kisanduku cha kioo chenye ukubwa wa redio. Kilikaa dirishani pako, samaki wa manjano wamebanana humo kama waumini siku ya Krismasi, wanang'atana mikia. "Awajengee nyumba ya kuwatosha," ulisema, "ndipo tutaona kama na yeye anatosha."

Leokadia alikuwa na mimba ya kwanza, na mtoto wa kwanza kwenu huzaliwa nyumbani kwa bibi yake. Bila tangi, mwanangu angezaliwa ndani nami nimekaa barazani kama mtu aliyekuja kudai deni. Nikapeleka vyombo vyangu uani kwako, nikaanza kazi chini ya dirisha lile.

Wewe ulikaa nyuma ya pazia. Na kwa kuwa hukuruhusiwa kusema na mimi, ulisema na samaki.

Tangi la kwanza niliziba kwa ile simenti laini ya madirisha. Likavuja pande zote nne, uwanja ukalowa. "Samaki," nikasikia nyuma ya pazia, "mwulizeni fundi, hii ni nyumba yenu au ni bomba la kumwagilia mchicha?"

"Samaki," nikajibu, "mwambieni mama mchicha nao ni mboga."

"Mwambieni hata kuoa sijui alioaje, mikono yenyewe ile."

Leokadia alicheka mpaka akashika tumbo. "Nyie wawili mtawaua hawa samaki kwa umbea!"

La pili niliagiza vioo na gundi ya mpira kutoka Tabora, vikaja kwa treni vimefukiwa kwenye maranda. Hilo halikuvuja. Maji ya kisima samaki wako waliyakataa, kwa hiyo nilipanda lori la dagaa hadi ziwani Karema nikarudi na madumu ya maji ya ziwa na mawe yake. Tukachanganya na maji ya zamani kidogo kidogo ili wasishtuke. Pumzi yao ilitoka kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la lori, nimeufungia kijimrija chembamba, mapovu yakawa yanatoka moja moja. Kila asubuhi na jioni nilikuja kuujaza kwa pampu ya baiskeli.

"Samaki, mwambieni fundi apige pampu kama mwanaume mwenye mke."

Majirani walilibeba tangi wakaliweka ndani, dirishani palepale. Siku moja pazia lilisogea, nikakuona kupitia yale maji: kanga nyekundu imepindapinda, uso umevunjika vipande. Nikageuka upesi. Najua na wewe uligeuka.

Nikadhani nimefaulu. Kumbe bado. Samaki mmoja jike alikuwa amefumba mdomo, mashavu yamevimba, hali chakula. Watoto wake amewaficha kinywani. Ukatoa hukumu: "Samaki, mwambieni fundi, siku mwenzenu huyu atakapowatema watoto wakiwa hai, alete kitenge, nimfungulie."

Kitenge nilikuwa nacho zamani, nimekiweka kwenye sanduku la misumari. Unaweza kucheka.

Ile asubuhi Leokadia ndiye aliyepiga kelele dirishani, tumbo limefika mwisho. "Gervas! Wametoka! Wanaogelea!" Nilitupa pampu, nikakiinua kitenge kama bendera.

Pazia likatikisika. Kisha: "Samaki, mwambieni fundi aje kesho. Kitenge hakipokelewi kwa mikono yenye unga."

Nilicheka njia nzima hadi nyumbani. Hilo ndilo huniuma nikilikumbuka, kile kicheko.

Mchana uleule uchungu ukamshika. Mkunga akasema damu haikatiki, apelekwe hospitali. Nikaja mbio na mkokoteni na godoro. Wanawake mliokuwa ndani mlikuwa watatu wazee, majirani wote wako shambani, na mlishindwa kumwinua. Nikasimama kizingitini nikavunja mila, nikakusemesha wewe mwenyewe: "Mama, niruhusu nimbebe."

 Nikasikia hatua zako zikienda dirishani. Sauti yako ilitetemeka, lakini ilitoka.

"Samaki, mwambieni fundi mkwe haingii."

Watu huniuliza kwa nini nilitii. Leokadia mwenyewe alisema kutoka kitandani, nami nilimsikia vizuri: "Usimwaibishe mama, Gervas. Subiri kesho."

Nikasubiri. Kwanza mlikuwa mnavutana na godoro, mnaambiana shika hapa, shika pale. Baadaye hamkuambiana kitu.

Ndipo pazia la mlangoni likafunguka, nikauona uso wako kwa mara ya kwanza. Ulinitazama machoni. Mikono yako bado ilikuwa na unga.

"Gervas," ulisema, "ingia. Hapa hakuna mkwe tena. Na mtoto naye hayupo."

Nikapita mbele ya tangi, vitoto vinazungukazunguka kwenye mawe ya Karema. Kitenge ulikipokea siku ile, ukamfunika nacho Leokadia.

Baada ya arobaini ulinirudishia tangi juu ya mkokoteni uleule. Ninalo karakanani, limejaa wajukuu wa samaki wako. Nimeoa tena. Mama mkwe wa sasa ananisemesha kutwa mpaka masikio yanauma, ananikaribisha ndani hata nisipotaka, na kila akisema "ingia" miguu inakataa. Ananiona mkwe mwenye maringo.

Nawe siku hizi hata ukinigeuzia uso hutaniona. Mila yako imepata ilichotaka, mama, ingawa imechelewa. Sijakusamehe, na sijaacha kukuita mama. Yote mawili nimejaribu, nikashindwa, kama lile tangi la kwanza.

Ukitaka kunijibu, usihangaike na karatasi. Ziwa liko mlangoni pako. Waambie samaki.

Ni mimi,
mkwe wako wa nje ya dirisha.