Kichwa cha Lutuku ya Mama

Hewa Bora, Lubumbashi

Mdogo wangu Astrida,

Kwanza niambie habari ya miguu yako, kama bado inavimba, na kama paa la jikoni lilizibwa kabla ya mvua. Mimi mapafu yamechoka. Daktari haongei tena na mimi, anaongea na binti yangu Béatrice barazani. Nimeelewa. Ndiyo maana naandika sasa, mkono ungali unatii.

Unakumbuka ile injini ya ndege ndogo ya kuchezea niliyopewa na padri wa fizikia kule Kabalo, ndogo kama ngumi ya mtoto? Bado ninayo. Tangu niache ualimu najaribu kuiwasha kwa mafuta ya hapa hapa. Petroli iliikataa. Spiriti ya duka la dawa iliikohoza tu. Nikajaribu lutuku, pombe yetu ya kukeneka, na mafuta ya mbarika: kimya. Mama wawili wa kikundi cha sala wakaja kuniombea, mmoja akanusa chupa.

"Ni ya moteri," nikasema, nikiwaonyesha injini.

"Papa, kila mulevi iko na moteri yake."

Mama Kapinga, anayepika lutuku nyuma ya ukuta wetu, alicheka sana. "Papa, weye unakamataka mukia, ile ya mwisho. Ile ya kwanza kutoka, kichwa, ndiyo inawakaka. Hii yako iko maji."

Nilikuwa nalijua hilo tangu nikiwa na miaka kumi na sita, ila kichwa niliogopa kukigusa tena.

Astrida, ile chupa ya kichwa, ambayo Mama alikolezea lutuku nyingine kabla ya kuuza, niliimimina mimi kwa ajili ya injini, nikajaza maji ya kisima. Mara tatu, na injini haikuwaka. Wanywaji walipolalamika, Baba aliuliza nani alibaki na mtungi. Ulibaki wewe. Alikupiga uani, majirani wakitazama, nawe ukilia, "Baba, haiko miye." Nilikuwa nyuma ya jiko, chupa mfukoni. Tangu siku ile hukurudi shule, ulikaa kulinda mtungi. Na lutuku uliyoilinda ndiyo iliyonisomesha.

Miaka yote nilijiambia nitakuandikia injini ikishawaka, angalau wizi uwe na faida. Basi wiki iliyopita nilimwomba Mama Kapinga kichwa, nikakilaza siku mbili juu ya chokaa ambayo haijazimwa ili inyonye maji, nikachanganya mbarika, nikaunga betri. Kidole hakina nguvu tena, nikazungusha pangaboi kwa kijiti. Ikawaka. Ilipiga kelele mpaka kikombe cha mafuta kikakauka, na Béatrice akatoka jikoni mbio. Nilingoja furaha. Ikaja harufu ya uani kwa Mama.

Sina kisingizio tena.

Najua barua unasomewa. Anayesoma asipunguze sauti. Waite watoto wako wote uani, na jirani Mama Ngoie, maana alikuona ukipigwa, kisha isomwe tena tangu mwanzo. Ulipigwa mbele ya watu, na mimi nataka kuhukumiwa mbele ya watu. Ukikataa kunisamehe, Béatrice amekubali kuniletea neno hilo pia, bila kulipunguza.

Nisalimie shemeji Kalenga, mume wako mvumilivu, na mkwe wetu Odette anayekukanda miguu.

Ilikuwa miye.

Yaya wako, kaka yako mkubwa,
Valentin