Jiwe la Marehemu Twahir

Dodoma, 4 Februari 2024

Baba Mdogo Mikidadi, shikamoo.

Mimi mzima, hofu ni kwako na hilo goti lako. Nakuandikia kwa karatasi kwa kuwa meseji za simu huzioni vizuri, unasubiri mpaka mtu akusomee, na haya si ya kusomewa na mtu.

Harusi ni baada ya Idi, Ijumaa tarehe kumi Mei, hapo kwako Kijenge. Baba hayupo, Babu hayupo, kaka sina. Walii wangu wa kuniozesha ni wewe, na namshukuru Mungu kwamba ni wewe.

Mama sitamwalika. Tangu uliponiambia mwaka juzi kwamba alipoolewa Usa River aliondoka na lile jiwe la Baba, sijapokea simu yake hata moja. Angechukua vyombo, angechukua makochi, nisingesema neno. Lakini jiwe lile Baba alilipakata njia nzima kutoka Mpanda, akanionyesha mistari ya kijani ya malakaiti na ile buluu ya azuraiti, akasema litakuwa langu. Kazi hii ya maabara ya madini nimeipendea pale. Majirani watasema. Waache waseme.

Mwanao,
Kauthar

Kijenge, Arusha, 19 Februari 2024

Mwanangu Kauthar,

Marahaba sana. Goti linanisumbua asubuhi tu, baridi ya Meru ikishuka. Uwalii nimeupokea kwa mikono miwili. La mama yako mimi silisemi, wewe ni mtu mzima na aliyeumia ni wewe.

Sasa kaa kitako. Jiwe nimelipata. Lilikuwa kwa dalali mmoja mjini, na nilipoliona nikalijua papo hapo, hata karatasi aliyoiandika marehemu bado imebandikwa chini yake. Usiniulize lilifikaje huko, wala mama yako usimuulize. Yaliyopita si ndwele. Nimelifunga kwenye kanga ya bibi yako, linakuja na basi la kesho. Ukilipata liweke kabatini, usilishikeshike. Na sasa unaweza kumwalika mama yako, yaishe.

Baba yako mdogo,
Mikidadi

Dodoma, 2 Machi 2024

Baba Mdogo, shikamoo.

Mzigo umefika. Kanga ya Bibi nimeinusa nikalia.

Jiwe nililinyanyua tu, mkono ukalikataa. Malakaiti ina shaba ndani, ni nzito, na hili ni jepesi kama sabuni. Nikalikwaruza kwa kisu. Lingekuwa lenyewe lingetoa unga wa kijani, na penye buluu, wa buluu. Hili limetoa unga mweupe. Nikalidondoshea tone la asidi, ambalo malakaiti na azuraiti zikiguswa nalo hutoa povu hapohapo kama soda. Hili likakaa kimya. Mwisho nikalichoma kwa sindano ya moto, maabara nzima ikanuka plastiki.

Nikasema maskini Baba Mdogo, dalali kamwingiza mkenge. Kisha nikaligeuza. Karatasi ni ya kweli, mwandiko wa Baba mwenyewe, "Mpanda, 1998". Nikaibandua taratibu. Nyuma yake imebandikiwa kipande cha karatasi ya kufungia mawe, zile za kazini kwako, na juu yake kuna mwandiko wako: garneti, gramu kumi na mbili.

Hii hakuibandika dalali. Basi niambie wewe. Jiwe la Baba liko wapi, na lilikuwa kwa nani miaka yote hii?

Mwanao,
Kauthar

Kijenge, 25 Machi 2024

Mwanangu,

Natumaini saumu inakwenda vizuri. Nimeandika nikachana mara tatu. Siwezi kufunga mwezi huu na uongo tumboni.

Mwaka juzi ulipomaliza chuo nililitoa jiwe pale alipoliacha marehemu, nikitaka kukupa liking'ara. Nikaibandua karatasi isilowe, nikalifanya kama tunavyoyafanya mawe hapa, nikalitumbukiza kwenye asidi. Miaka thelathini nasafisha rubi na garneti hivyo, uchafu unatoka, jiwe linabaki. Nikaenda kuswali alasiri, nikakaa barazani na wenzangu. Niliporudi ndoo ilikuwa inatoa povu, maji yamegeuka buluu, na jiwe limebaki kipande cha mwamba mwekundu. Sikujua kwamba lako linaliwa na asidi.

Ukapiga simu jioni ileile kuuliza zawadi yako. Mama yako alikuwa amehamia Usa River wiki hiyo. Ulimi hauna mfupa. Nilidhani mtanuniana siku mbili tatu, mtapatana. Uliposema humwaliki nikaogopa, nikanunua lile la kuigiza nikitumaini litamaliza maneno.

Nisamehe mwanangu. Niandikie hata mstari mmoja.

Baba yako mdogo,
Mikidadi

Usa River, 28 Aprili 2024

Assalaam aleikum.

Mimi sijambo. Naandika nikiwa kwa Mama, nimekuja tangu Idi.

Jiwe nilikusamehe siku ileile niliposoma. Malakaiti na azuraiti ni shaba iliyokutana na maji na hewa huko ardhini kwa miaka isiyohesabika, na asidi huimaliza kwa jioni moja. Hukujua. Ungeniambia, ningelia kidogo, tungecheka, basi.

Lakini Mama kanieleza jambo ambalo hukuliandika. Alipoona sipokei simu alikuja hapo Kijenge mara mbili, kukuomba umsaidie kulitafuta jiwe ambalo mwanawe anasema kaiba. Ukamkaribisha. Ukampa chai na chapati. Ukamwambia utaulizia kwa madalali. Mara ya pili alikuletea mkungu mzima wa ndizi, kwa usumbufu aliokupa. Ulizila, Baba Mdogo?

Mimi nami nina hatia yangu. Nilimwita mama yangu mwizi kwa meseji, na meseji bado ziko kwenye simu yake. Nimemwomba radhi jikoni kwake kwa magoti. Kanisamehe upesi kuliko ninavyostahili, na hilo ndilo linaloniuma.

Ndoa ni siku ileile, ila imehamia hapa kwa Mama. Sheria inakutaka wewe, nami sitatafuta mwingine. Fika kabla ya swala ya Ijumaa. Keti mahali pa walii, mshike mkono bwana harusi, sema yale maneno, uniozeshe. Baada ya hapo Mama atatandika mkeka, ataleta pilau, na kwa jinsi alivyo atakukaribisha kama ndugu.

Usikae kula.

Binti wa marehemu kaka yako,
Kauthar