Jina la Leonia Halipandi Boti

Ni mwaka sasa, dada Leonia, na bado watu wanasema ziwa lilikuchukua. Sisi wa nyumbani kwako tumelikataa neno hilo. Ziwa Tanganyika lilikuwepo kabla ya babu zetu, na halikutoka mahali pake kuja kukutafuta Milanzi. Mwezi wa saba mwaka jana uliondoka hapa ukiwa mzima, umejifunga kitenge chako cha kijani, ukapanda boti iitwayo Subira pale Kirando kwenda Moba, upande wa Kongo. Boti hiyo ilizama kwa tamaa ya watu tunaowajua, na baadhi yao bado tunasalimiana nao sokoni.

Ninayeandika ni mimi Fortunata, mdogo wako, yule uliyekuwa ukisema ana mdomo kama kengele ya misheni. Shemeji Isdori ameniambia, "Andika wewe, mimi nikishika kalamu nitalia tu." Watu wa gazeti walitaka picha na maneno machache. Picha ni hiyo hapo juu, uliyopigwa siku ya kipaimara cha mwanao Flavian, umenuna kwa sababu viatu vilikubana. Hayo maneno machache wanisamehe.

Dada, nyumba yako imepoa. Jirani akifiwa, wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kufika na sufuria yako kubwa, na ukiondoka ulikuwa ukiisahau makusudi ili wafiwa wasihangaike kuazima. Mtoto wa mtu yeyote akipita na makamasi, ulimfuta kwa kanga yako mwenyewe huku ukimgombeza mama yake. Ulikuwa mkali, tusidanganyane. Uliwahi kumrudisha padre mlangoni akapanguse viatu, na yeye akarudi kweli akapangusa.

Na ulikuwa mchapakazi. Ushirika ulipolegea na serikali ikasema kila mtu auze anakotaka, wengine walikaa barazani wakilia kwamba mambo yameharibika. Wewe ulikuwa umekwisha kununua shazia ya kushonea magunia na kamba. Ulipanda malori kwenda Kate kwa Mama, ukateremka hadi Milepa, ukanunua ulezi na maharage, ukarudi umejaa vumbi mpaka kope. Kabla ya kununua ulikuwa ukitia punje chache za ulezi mdomoni, ukatafuna taratibu macho umefumba, na mwenye mazao akisubiri hukumu yake. Ulezi mbichi hukununua hata wa ndugu yako. Mimi wangu uliurudisha mara mbili.

Lakini kilichokupa jina huku Ufipa ni gunia. Kwa msomaji wa mbali asiyejua mambo yetu, nieleze. Mfanyabiashara akija kununua kwa mkulima, gunia likijaa haishii hapo. Anaongeza nyavu na majani juu ya mdomo wa gunia, anajaza tena mpaka linaota kichwa kama mtu aliyevaa kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima anatoa gunia na zaidi ya nusu, halafu linahesabiwa moja. Wewe ulikataa. Ulikuwa ukisema, "Gunia lina mdomo, mimi nashona mdomoni." Wenzako wa soko wakakutania: "Mama Flavian, unanunua mazao au unafanya toba?" Ukawajibu, "Na yako wewe ataifanya nani?" Walicheka, nawe ukacheka nao, mkaendelea kupakia kila mtu kwa namna yake.

Vita vya Kongo vilipoisha mwezi wa tano mwaka jana, kule ng'ambo kulikuwa na njaa. Mashamba hayakulimwa, watu walikuwa wamekimbia. Ulezi na mahindi ya Ufipa vilitakiwa kuliko dawa. Ghafla kila aliyekuwa na mbao na injini kuukuu akawa mwenye boti. Hakuna aliyeuliza mbao zile zimekaa majini tangu lini, wala nani amemfundisha nahodha kazi. Biashara huria, tukaambiwa, na sisi tukapiga makofi. Tangu hapo zimezama ngapi? Za huku na za ng'ambo, moja haikuonekana hata ubao wake. Kila inapozama tunasema pole, tunarudi kupakia nyingine.

Mwaka juzi MV Bukoba ilipozama Ziwa Viktoria, wewe ulikaa na redio mapajani ukakataa chakula. Nchi nzima ililia, bendera zikashushwa nusu mlingoti, na walistahili wale watu. Ulisema, "Sasa watajifunza." Nani alijifunza, dada? Mwaka uliofuata ukazama wewe, kwenye boti ya mbao ya wauza ulezi, na hakuna bendera iliyoshushwa hata ya shule. Sisi tulipata habari kwa dereva wa lori.

Yaliyotokea tuliyajua kwa Yonas. Yonas ni kijana wa Kisukuma wa Milepa, wa zile familia zilizokuja bondeni na ng'ombe wao, na siku ile alikuwa anavusha mchele. Yeye ni mmoja wa wachache waliookolewa na wavuvi. Alikuja Milanzi mikono yote imechubuka, akakataa kiti, akakaa kizingitini.

"Shikamoo mama," akaniambia. "Nimekuja kusema, kwa sababu huko Kirando wanasema vingine."

"Marahaba. Sema, mwanangu."

"Dada yako aliwahi. Mzigo wake ndo ulipakiwa wa kwanza, ukakaa chini kabisa, magunia yamelala vizuri. Baadaye ndo yakaja malori ya wale wakubwa. Lumbesa tupu, mama. Dada yako alipoyaona akamfuata nahodha, akamwambia, 'Kaka, haya si magunia, haya ni watu wawili wamebebana.'"

Nahodha, dada, alikujibu kwa adabu kabisa. Alisema boti yake ina idadi yake ya magunia, na idadi haijazidi. Nauli ni kwa gunia, kuhesabu ni kwa gunia, na kichwa cha gunia hakihesabiwi popote, si shambani wala bandarini. Ukamwambia, "Basi nishushie yangu." Akasema, "Mama, yako yako chini ya yote. Nifukue mzigo wa watu wote kwa ajili yako?" Wapagazi wakaangua kicheko.

Hapo ndipo ninapokukasirikia hata wewe, dada yangu, na Mungu anisamehe. Kwa nini hukugeuka ukarudi nyumbani? Yonas anasema alikuuliza vivyo hivyo. Ukamjibu, "Humo ndani kuna ulezi wa kina mama wa Kate. Wamenikabidhi mimi, hawakukabidhi boti." Ukapanda, ukakaa juu ya lumbesa za watu, na magunia yako yaliyoshonwa mdomoni yakiwa yamelaliwa huko chini.

"Upepo haukuwa wa kutisha, mama," Yonas alisema. "Ni huu wa kila kiangazi, wavuvi wanatoka nao. Boti ililala upande mmoja kidogo tu. Yale magunia ya juu yakahama yote kwa pamoja, basi, haikuinuka tena." Yeye alishika dumu tupu la mafuta. Mara ya mwisho alipokuona ulikuwa unawaita watu kwa majina, unawagombeza washike mbao.

Hukupatikana. Misa ilisomwa Kate, na mama yetu Hellena akasema kaburi haliwezi kufunikwa likiwa tupu, basi tukaweka humo shazia yako ya akiba na kanga yako moja. Mama alilifukia mwenyewe kwa mikono yake, akatukatalia jembe.

Kisha likafanyika baraza la kuchunguza. Isdori alisafiri kwenda kulisikiliza, akakaa mstari wa nyuma. Mwenye boti akasimama, amevaa koti, akasema maneno mawili: idadi ya mizigo ilikuwa sawa, na upepo ni wa Mungu. Yonas aliponyoosha mkono akaambiwa bado ana mshtuko, akapumzike. Wakubwa wakatikisa vichwa, wakasema ni mipango ya Mungu, wakaenda kula. Mimi ni Mkatoliki, nasali rozari yangu kila jioni, na nasema hapa mbele ya wasomaji wote: Mungu hashoni magunia. Anayeshona lumbesa ana mikono na ana jina. Akimsingizia Mungu anaongeza dhambi juu ya dhambi.

Haya yote labda tungeyameza, kama tulivyomeza mengine. Lakini mwezi uliopita mwenye boti alikuja nyumbani kwako.

Alikuja na gari, na mfuko wa sukari, na kitenge kipya. Akakaa kwenye kiti chako kile cha karibu na dirisha, sijui nani alimwonyesha. Akatupa pole kwa sauti ya kanisani. Kisha akatuambia kwamba ameunda boti nyingine, kubwa kuliko Subira, inashushwa majini Jumamosi ya kumbukumbu yako, na kwa heshima ya marehemu ameamua iitwe Mama Leonia.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo wangu huu wa kengele. Isdori, ambaye tangu uondoke anaongea kwa nadra, ndiye aliyeuliza.

"Itapakia lumbesa?"

Yule bwana akacheka kidogo, akanitazama mimi kana kwamba nimsaidie. "Mzee Isdori, siku hizi ni soko huria. Mteja analeta gunia lake kama alivyolishona. Mimi ni nani nimpangie?"

"Basi jina la mke wangu halipandi humo."

"Mzee wangu, hii ni heshima. Watu wataliona jina lake mpaka Kongo."

"Heshima ungempa siku ile alipoomba kushushiwa mzigo," Isdori akamwambia. Kisha akakikunja kitenge vizuri, kingo kwa kingo, akamrudishia mikononi. Sukari niliibeba mimi. Nilimsindikiza nayo hadi kwenye gari lake, nikamwekea kwenye kiti cha mbele, nikamtakia safari njema. Usiseme hukutulea vizuri.

Tulidhani ameelewa. Juma lililopita Yonas alipita tena Milanzi, akasema boti ipo ufukweni Kirando, na jina limeshaandikwa ubavuni, herufi nyeupe, kubwa. Watu wanalipiga picha. Kwa hiyo kilichotuua kinataka kutembea majini kwa jina lako, kikiita abiria. Mama wa Kongo mwenye mtoto mgongoni ataliona jina la mwanamke mwenzake, ataona huruma humo, atapanda. Hilo ndilo lililotufanya tuandike, dada. Wewe hukuweka jina lako kwenye gunia moja la uongo maisha yako yote, leo waliweke juu ya boti nzima?

Na kuna jambo ambalo yule bwana hakulijua, kwa sababu hakuuliza. Jina hilo analolitaka halipo tena. Baada ya Pasaka, binti yako Jenifa alijifungua mtoto wa kike. Mama Hellena alisafiri kutoka Kate na miguu yake ile, akamchukua mjukuu wako mkononi, akamtazama sana, akamwita Leonia. Mtoto akapiga chafya, wote tukasema amekubali. Ni mkali huyo, ukimcheleweshea ziwa la mama yake anakugombeza kwa ngumi mbili. Jina likishapata mtu haliazimwi kwa mbao.

Kwa hiyo, dada, Jumamosi hatutabaki Milanzi kupokea wageni. Misa itasomwa asubuhi, na baada ya misa tunateremka Kirando sisi sote. Kina mama wa Kate watakuja kwa lori lao. Aliyekupenda na aje, na kama ana mzigo wa kuvusha, aulete umeshonwa mdomoni. Padre tumeshamwambia yote, ametusikiliza mpaka mwisho, na amesema hatabariki boti hiyo kabla ya kuzungumza na Isdori. Mwenye boti naye tunajua ni msomaji wa gazeti hili. Akitaka kulifuta jina mwenyewe kabla hatujafika, atakuwa ametupunguzia kazi.

Wanaokukumbuka ni mumeo Isdori. Mama yako mzazi, Bibi Hellena wa Kate. Wanao Flavian na Jenifa. Mimi mdogo wako Fortunata. Yonas wa Milepa, ambaye sasa ni mtoto wa nyumba hii. Kina mama wa Kate, ambao hakuna hata mmoja aliyekudai ulezi wake. Na mjukuu wako, ambaye hakukuona, lakini tukilitaja jina lako yeye ndiye anayegeuza kichwa.

Hatutakusahau, dada Leonia, leo wala daima. Isdori amenunua rangi nyeusi na brashi pana. Kopo lipo mlangoni, karibu na viatu vyake.