Kwa Baba Yetu Norbert Klessig, Aliyekuwa Akijificha Pembeni mwa Ulingo

Baba, mwaka umetimia tangu asubuhi ile ya Machi ulipotutoka, theluji ikiwa imeanza kuyeyuka nyuma ya banda. Tuliporudi kutoka hospitali mbwa wote walikuwa wamejipanga kwenye wavu wa uzio, wakitazama njia. Tulishuka garini mmoja mmoja, milango ikafungwa. Hawakubweka. Waliendelea kulitazama gari.

Wilaya nzima inakukumbuka kama fundi wa mashine za kukamulia ng'ombe, mtu wa kuitwa alfajiri, hata ya Krismasi, akaja bila kununa. Lakini sisi wa nyumbani tunajua moyo wako ulikuwa wapi. Ulikuwa kwa koli wako, mbwa wa kuchunga kondoo ambao hawakuwahi kumwona kondoo, wenye nywele ndefu, pua ndefu na macho ya mtu anayesikiliza.

Kabla ya kila maonyesho ya mbwa, mahali majaji huchagua aliye bora, uliwaosha katika bafu la Mama. Uliwachana fungu kwa fungu, kutoka ngozini hadi nchani, ukinong'ona nao, kisha miguu yao myeupe, hasa ya Hazel, jike wako kipenzi, ukaipaka wanga wa mahindi ili ing'ae. Jumapili Mama alipotaka kuutia mchuzi uzito, alikuta kopo tupu.

"Norbert, wanga wangu uko wapi?"

"Uko miguuni kwa Hazel, mama watoto."

"Basi leo utakula mchuzi wa maji, na Hazel akusindikize."

Ukaula, ukaomba tena.

Maini ya kuwavutia mbwa uliyachemsha na kuyakausha, yakakaa mfuko mmoja na peremende zako. Siku moja kanisani ulitia kinywani kisicho peremende. Ulitafuna taratibu, ukamgeukia kaka Dale ukamwambia, "Si mbaya." Kaka hakuweza kuimba wimbo wa pili wa ibada ile, kwa kicheko.

Wafugaji wote wanaijua wiki ya nane. Ndiyo wiki ambayo mtoto wa mbwa huonyesha atakavyokuwa ukubwani. Ukichelewa, mwili unaanza kurefuka ovyo na hausemi kweli tena mpaka akomae. Wiki hiyo uliwapandisha mezani jikoni mmoja mmoja, ukafumba macho, ukawapapasa bega, mgongo na nyonga, mwisho kichwa katikati ya viganja. "Nywele hudanganya," ulisema. "Mfupa haudanganyi."

Siku ya kupapaswa Hazel na ndugu zake alikuwepo Lucille Oster, rafiki yako na mshindani wako wa miaka yote. Hazel ndiye alikuwa wa mwisho kupanda mezani. Lucille alicheka hadi akashika ubavu.

"Huyo? Masikio yameanguka kama soksi za mzee! Mpe mtu akalinde kuku."

"Mngoje, Lucille."

"Nimngoje hadi lini, bwana? Hadi nizikwe?"

Ukawaweka wote chini, ukatoka polepole, ukasimama nyuma ya mlango. Ndugu zake waliendelea kugombania kandambili ya Mama. Hazel peke yake aliinua kichwa. Alipatazama pale ulipopotelea, shingo imenyooka, masikio yamesimama nusu, na uso wake mdogo ukafunguka kama dirisha.

"Umemwona?" ukauliza kutoka nyuma ya mlango. "Koli ni sura. Na huyu sura yake hutoka anapotafuta."

Lucille alimchukua ndugu wa kiume wa Hazel, na njia nzima hadi kwenye gari alikuwa akigeuka nyuma.

Wale ambao hukuwabakiza uliwapa watu uliowachagua wewe mwenyewe, na dosari zao uliwatajia waziwazi. Mbwa aliyekosa kwao alirudi kwetu. Ndivyo tulivyompata Bruno, mbwa mzee asiye na meno, aliyekuwa akimfuga alipohamia makao ya wazee. Kila Jumamosi ulimpeleka Bruno kumtembelea.

Magoti yako yalipokataa kukimbia na mbwa ulingoni mbele ya jaji, Mama alidhani utamkabidhi Dale kazi hiyo. Wewe ukaja kwangu, mimi ninayejificha jikoni wageni wakija.

"Dale anatembea kama mtu anayegombea udiwani," ulisema. "Ulingoni anayetazamwa ni mbwa. Wewe, mwanangu, unajua kutoonekana. Hiyo ni karama."

Hakuna mtu aliyewahi kuiita hivyo, Baba.

Tukafanya mazoezi bandani mbele ya kioo cha kabati la Bibi. Tangu hapo tukawa watu wawili wa kujificha: mimi nyuma ya mbwa, wewe nyuma ya chochote. Mbwa akimwona mwenyewe pembeni mawazo yote humhamia, kwa hiyo mwenyewe hutakiwa asionekane. Wewe ulichagua siku zote nyuma ya mashine ya bisi, urefu wako ule, na kofia yako ya kuwindia ya rangi ya machungwa.

"Norbert," Lucille alikuwa akikwambia, "hata ndege za angani zinakuona. Vua hiyo kofia!"

"Hazel hajaniona."

"Hazel anakuhurumia tu."

Na jaji akishatunyooshea kidole cha ushindi, Lucille ndiye aliyepaza sauti ukumbini: "Toka, Norbert, tumekuona!" Ndipo ulipotoka, mikono juu kama mwizi aliyekamatwa, na Hazel akakurukia kifuani na kuivuruga kazi yote ya burashi.

Ulijiwekea sheria kwamba jike asiye bingwa hazai kwako. Mama yake Hazel alikuwa bingwa, na bibi yake, na waliomtangulia hadi yule uliyepewa na babu ukiwa kijana. Hazel alibakiza ushindi mmoja mkubwa ili awe bingwa, na ndiye jike wa mwisho wa ukoo ule. Kwa hiyo siku ile hospitali, hukutuzungumzia dawa.

"Mpeleke Hazel, Lisbet. Usimwache akapitwa na umri wa kuzaa."

"Nani atajificha, Baba?"

Ulifikiri kama ulivyokuwa ukifikiri mbele ya mashine iliyogoma.

"Usijali," ukasema. "Nitatafuta mahali."

Aprili Hazel alipukutisha nywele zote, zikajaa kwenye korido kama sufu. Wafugaji walisema ni msimu wake. Mama alisema ni msiba, akawa anazifagia taratibu na hakuzitupa. Hatukuweza kumpeleka popote akiwa vile. Tulingoja kiangazi kizima nywele zirudi. Zilirudi Novemba, nzito kuliko mwanzo.

Asubuhi ya maonyesho nilikuwa nikimchana Hazel fungu lile lile kwa mara ya tatu. Lucille alikuja na kuninyang'anya burashi.

"Utammaliza nywele. Lete hapa, binti." Alimpaka Hazel wanga miguuni, akiwa ameinamisha kichwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Baba yako angekuwa hapa, saa hizi angekwisha kuonekana na kila mtu."

Ulingoni Hazel alikimbia vizuri lakini bila moyo. Masikio yalilala. Jaji alimpapasa, akatutuma kwenda na kurudi, na nikaona macho yake yanahamia kwa mbwa wa nyuma yetu. Nikajua ukoo wako unaniponyoka mkononi. Kisha akatuambia tusimame, mbwa wasimame wenyewe. Nikatoa kipande cha ini. Hazel hakukitazama.

Alitazama nyuma yangu, kwenye mashine ya bisi.

Shingo yake ikapanda. Masikio yakasimama, ncha zikaanguka mbele kidogo kama ulivyozipenda. Uso ukafunguka. Mimi sikugeuka, Baba. Niliogopa kugeuka.

Jaji, mzee mpole, alimzunguka, akasimama mbele yake, akarudi tena. Haikuwa desturi kuzungumza, lakini aliuliza kwa sauti ya chini, "Anamtafuta nani?"

"Baba yangu, bwana," nikasema. "Huwa anajificha."

Akatazama kule. Kulikuwa na mtoto mmoja akipokea bisi, akaondoka nayo. Baada yake hapakuwa na mtu. Jaji alitembea hadi katikati ya ulingo, akageuka, akatunyooshea kidole.

Hapo ndipo Lucille alipopaza sauti, kwa mazoea ya miaka yote: "Toka, Norbert, tumek..." Akajifunika mdomo kwa mikono yote miwili.

Lakini Hazel alikuwa amesikia. Alinivuta, utepe wa ushindi ukiwa mkononi mwangu, katikati ya viti na watu, moja kwa moja hadi kwenye mashine. Akaizunguka, akanusa sakafu. Akakaa. Nami nikakaa sakafuni kando yake, na Mama na Dale wakaja, na mwisho Lucille. Tulingoja wote. Watu walikunja viti vyao wakaondoka. Muuza bisi alisafisha mashine yake na hakutuhimiza.

Hazel ana watoto sasa, Baba. Wiki ya nane ikifika, Mama ataondoa vyombo mezani, na amekwisha kununua makopo mawili ya wanga. Mimi nitafumba macho kama ulivyonifundisha. Halafu nitakwenda nyuma ya mlango, nione nani atainua kichwa.

Tunaokukumbuka ni mkeo Arlene, wanao Dale na Lisbet, dada yako Bernice, Lucille Oster, aliyesisitiza jina lake liwemo, Bruno, na Hazel, sasa bingwa.

Ulisema utatafuta mahali. Umejificha vizuri mno safari hii, na kofia yako ingali kwenye msumari wake. Daima tutakuwa tunakutafuta.